Shangazi Bibiche, Umbo: Mwembamba

Jumatatu, 8 Mei

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata padri: tangu jana mchana mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na tisa, natafuta mume.

Ngoja nieleze kabla daftari hili halijanikimbia.

Mimi ni Emery, miaka kumi na minane, mwaka wa mwisho wa sekondari hapa Uvira. Ndevu zangu nazijua moja moja. Prof akiniuliza swali, jibu linapanda mpaka kooni, linaona darasa zima linatazama, linashuka. Lakini nipe kalamu! Kwenye karatasi mimi ni simba. Asubuhi simba wa Kifaransa, jioni simba wa Kiswahili.

Huyo mwanamke si wa kubuni. Ni Shangazi yangu, Bibiche, dada mdogo wa Baba. Anauza mawese katika soko la Mulongwe. Mama yangu alipofariki na Baba akaenda Kalemie akaoa huko, Shangazi ndiye alibaki nami. Mwaka ule mwanaume mmoja wa Kalundu alitaka kumuoa. Akasema: weye ndiyo, mutoto hapana. Shangazi akamrudishia kitenge chake kikiwa bado kimekunjwa. Nilikuwa nyuma ya mlango. Hajui kwamba nilisikia.

Sasa huyo mutoto akifaulu mtihani wa taifa, mwezi wa kumi anakwenda chuo Bukavu. Na Shangazi? Atanunua sufuria ndogo. Atapika chakula cha mtu mmoja, akile akitazama ukuta. Hiyo sufuria ndogo inanikaa kifuani kama mfupa wa samaki. Kwa hiyo: mume! Kabla ya mwezi wa kumi!

Damien wa darasani kwetu alinionyesha mtandao wa kutafutia wachumba. Yeye anajiita mtaalamu wa mapenzi, ingawa hajawahi kupendwa. Jina, rahisi. Umri, rahisi. Dini, rahisi. Halafu likaja swali la umbo la mwili. Majibu matano, yote ya Kifaransa: mwembamba, wa mazoezi, wa kawaida, mwenye kilo kadhaa za ziada, mviringo.

Shangazi ni mkubwa. Akikaa kwenye kiti cha plastiki, kiti kinatafakari. Akicheka, mawese yanatikisika kwenye chupa. Sokoni wanamsalimia: Mama Bibiche, umenenepa, uko mu raha! Naye anaitika asante, kwa sababu hapa kwetu hiyo ni sifa. Lakini Damien alisema wanaume wa mtandaoni si wa sokoni. Wale wanasoma Kifaransa. Wanataka “mince”, yaani mwembamba.

Nikabonyeza “mince”. Kilo: nikaandika hamsini na mbili. Picha: nikaweka ua.

Jumatano, 10 Mei

Ujumbe umeingia! Mwanaume wa kwanza anaomba nimtumie mega za intaneti. Wa pili anauliza kama nina kiwanja. Wa tatu ameniandikia maombi marefu, na mwishoni anaomba mega.

Wa nne anaitwa Marcellin. Ni wa Katogota, kule kwenye bonde la Ruzizi, ana mashine ya kukoboa mpunga. Miaka arobaini na sita, mjane. Kuhusu umbo aliandika “wa kawaida”. Ujumbe wake ulikuwa huu: “Jambo Mama Bibiche. Unisamehe kama naingilia. Huo wembamba, ulizaliwa nao ao ni ya karibuni?”

Swali gani hilo? Nikamuuliza Damien. Damien akafikiri kwa nyusi, kisha akasema: jibu karibuni. Wazungu wanalipa ili wakonde. Ukisema karibuni, inaonyesha unajitunza.

Nikaandika: ya karibuni.

Marcellin hajajibu. Labda amevutiwa mpaka amekosa maneno.

Ijumaa, 12 Mei

Hakuvutiwa. Ameogopa!

Ameuliza kama nalala. Kama nasikia homa jioni. Kama kuna mtu wa kunichotea maji. Kama nakula. Hapo nilikuwa nimeshasema uongo mmoja, nikaona wa pili utausindikiza vizuri: nikajibu kwamba nakula mara moja kwa siku, inatosha. (Damien tena.)

Akaandika: “Mungu wangu.”

Halafu akaandika mengine, marefu, bila nukta. Mke wake aliitwa Élisabeth. Ilianza kwa kukonda. Siku moja alikuwa anaosha sahani, pete ikamtoka kidoleni, wote wawili wakacheka. Mwezi uliofuata hawakucheka tena. Aliandika: “Minye naogopa kuona mutu anakauka mbele yangu mara ya pili. Lakini naogopa zaidi kumuacha akauke peke yake. Kwa hiyo sitakuacha.”

Nilisoma nikiwa chooni, mahali pekee ambapo Shangazi haniulizi nafanya nini. Nikaona haya. Nikaweka kidole pa kufutia ukurasa mzima.

Sikufuta. Mwanaume anayeandika hivyo, unampata wapi tena? Ni wa Shangazi kabisa. Shida ni moja tu: anampenda akiwa na kilo pungufu.

Jioni akauliza mzigo aupitishie wapi. Mzigo gani?

Jumapili, 14 Mei

Mzigo huu: nusu gunia ya mchele mpya wa Katogota. Ndizi. Unga wa soya. Na kuku mzima, hai, amefungwa miguu, shingoni ana karatasi imeandikwa “ya supu”. Vyote vimeletwa na Nizigama, dereva wa gari la mchele, aliyenikabidhi kwenye parkingi akisema, pole sana kijana, tunamuombea mama.

Nikafika nyumbani na kuku kwapani. Shangazi alikuwa anatoka misa. Akauliza ni nini. Jibu langu, kwa mara ya kwanza maishani, halikukwama kooni. Afadhali lingekwama! Nilisema ni zawadi ya shule. Kwa ajili ya insha yangu ya Kifaransa. Nimekuwa wa kwanza.

Shangazi akaweka mkoba chini. Akanishika uso kwa mikono miwili, mikono yenye harufu ya mawese hata siku ya Bwana. Akasema: mutoto wangu, mupaka kuku wanakupigia saluti! Akalia. Kisha akatoka nje kumwita Mama Nkeshimana, yule anayeuza chumvi kando yake sokoni. Ukimwambia Mama Nkeshimana jambo, umeliambia soko.

Sasa soko zima linajua kwamba shule yetu inatoa kuku. Mama watatu wanataka kuhamishia watoto wao kwetu.

Alhamisi, 18 Mei

Mchele ni mtamu. Hilo ndilo tatizo.

Shangazi anaupika kwa maharagwe, kwa samaki wadogo wa ndagala, kwa majani ya sombe. Anasema chakula cha akili ya mtoto hakiachwi sufuriani. Kwa hiyo mchele uliotumwa kumnenepesha mwanamke mwembamba unamnenepesha mwanamke mnene. Kila sahani inamweka Shangazi mbali zaidi na ukurasa wake!

Nikaamua: kama ukurasa hauwezi kumfuata Shangazi, Shangazi aufuate ukurasa. Nimkondeshe.

Jumanne nilimwambia Shangazi kwamba mwalimu wa biolojia amesema kutembea asubuhi kunasaidia wazazi wa wanafunzi wa mtihani. Tukatembea mpaka Kalundu. Nilihesabu nyumba tatu zilizotuita ndani, na kila nyumba ina chai na mandazi, na Shangazi hawezi kukataa chai ya mtu. Kurudi akachoka, tukapanda pikipiki. Dereva akaniambia nitafute nyingine, mimi na mama hatuenei. Mimi nikarudi kwa miguu. Nimekonda mimi.

Jana nilificha kikaango. Shangazi akaazima cha Mama Nkeshimana, ambacho ni kikubwa mara mbili.

Nimekirudisha chetu mahali pake.

Jumamosi, 20 Mei

Wazo! Kubwa! Sijui kwa nini halikuja mapema!

Marcellin ametuma ndizi nyingine, na swali: “Umeongeza hata kidogo?” Nikatazama mlangoni, Shangazi alikuwa anacheka na wateja wa jirani, ukuta unatetemeka. Ndipo nikaelewa. Haina haja ya kumpunguza Shangazi. Nitamnenepesha yule wa kwenye simu! Kilo kwa kilo, pole pole, mpaka siku moja wakutane, wawe mtu mmoja.

Nikaandika: nimeongeza kilo mbili.

Akajibu kwamba amezima mashine ili amshukuru Mungu kwa utulivu. Wafanyakazi wake nao wakapiga makofi. Huko Katogota kuna wanaume ambao siku yao ni nzuri kwa sababu mimi nimenenepa.

Na lazima niandike hili pia, kwa sababu hapa sidanganyi. Siku hizi tunaongea mambo mengine. Aliuliza napenda nini. Nikamwambia ya kweli, ya Shangazi. Kwamba akimimina mawese anaimba bila maneno, mdomo umefungwa. Kwamba anakwangua ukoko wa mchele chini ya sufuria na kusema ndiyo sehemu anayoipenda, na mimi nilichukua miaka mingi kujua kwamba anasema hivyo ili ule mweupe unibakie mimi. Kwamba akipita mtoto mwenye chupa ndogo sana, anaijaza mpaka juu, halafu anamgombeza eti anamwaga.

Marcellin aliyasoma yote. Akaandika: “Weye ni mutu kabisa.”

Jumatatu, 22 Mei

Anakuja! Jumamosi! Ana safari ya kununua mkanda wa mashine mjini, na anataka kuniona kwa macho, hata kama bado niko dhaifu, atakaa mlangoni tu, hatanichosha.

Tumefika kilo hamsini na sita tu. Sijui kilo za Shangazi. Mizani ya sokoni inapima maharagwe. Lakini najua kwamba si hamsini na sita.

Nimeharakisha. Nimeandika kwamba tangu jana nimeongeza kumi na mbili.

Ameuliza kama miguu imevimba. Ameuliza kama nikibonyeza kwa kidole panabaki shimo. Ametaka kumtuma muuguzi.

Nimesema hapana, ni furaha.

Jumamosi, 27 Mei

Sijui nianzie wapi. Nitaanzia nyuma ya bidoni, yale madumu ya mawese.

Nilikuwa nimepanga kumngoja Marcellin barabarani nimwambie kwamba Bibiche amesafiri. Lakini alifika mapema, akauliza watu, na watu wa Mulongwe wanajua kuonyesha njia. Nilipofika mbio sokoni, alikuwa ameshaingia mstari wa mawese. Nikajitupa nyuma ya bidoni za Shangazi.

Marcellin ni mfupi. Shati jeupe lililonyooshwa kwa pasi ya makaa, viatu vimepakwa rangi mpaka kwenye soli. Mkononi ameshika termosi ya supu kama mtu anayebeba mtoto mchanga. Akasimama mbele ya Shangazi, akavua kofia. Akasema kwa heshima: Mama, shikamoo ya kazi, naona weye ni dada mukubwa. Natafuta mudogo yako, yule mugonjwa. Bibiche.

Mama Nkeshimana akaacha kupima chumvi.

Shangazi akasema Bibiche ni minye.

Marcellin akamtazama. Toka kilemba, polepole, mpaka kandambili. Midomo ikaanza kumtetemeka. Nikafikiri anakasirika. Hapana! Akainua termosi juu mbinguni na kusema kwa sauti ambayo hata wauza ndagala waliisikia: “Ulipona! Eeh Yesu, ulipona! Kwa majuma mawili! Muchele ya Katogota!”

Soko likapiga vigelegele bila kujua ni vya nini. Mama Nkeshimana akauliza huo mchele unauzwa wapi.

Basi ingeweza kuishia hapo. Kwa muda mfupi niliamini kwamba mpango wangu ulikuwa kamili tangu mwanzo. Lakini Shangazi si mtu wa kuchukua sifa isiyo yake. Akamwomba akae. Akamuuliza mchele gani. Akajibiwa: mchele, ndizi, unga wa soya, kuku. Aliposikia kuku, Shangazi akageuza kichwa taratibu, akatazama bidoni zake. Akasema bidoni ya nne ina masikio, itoke.

Nikatoka.

Akamwambia Marcellin bila kuzunguka. Baba, minye sijawahi kugonjwa. Minye niko hivi tangu zamani. Hata simu ya namna hiyo sina. Mwenye kukuandikia ni huyu, mutoto wangu.

Marcellin hakunipiga. Afadhali angenipiga. Aliweka termosi juu ya meza, akaifuta vumbi ambalo halikuwapo. Akasema, si kwangu, ni kama kwa viatu vyake: “Majuma mawili minye naombea mutu ambaye haiko.” Akavaa kofia, akaondoka. Kwa nyuma alionekana mfupi zaidi.

Jumapili, 28 Mei

Shangazi hajapiga kelele. Nimeogopa sana.

Alipika. Tukala. Alikusanya sahani, akakaa tena, kiti kikalia. Akauliza kitu kimoja. Kwa nini mwembamba? Ulionaka haya na minye?

Mimi simba wa karatasi! Na hapo hapakuwa na karatasi. Nikaona Shangazi anapangusa meza palepale, palepale, pameshakauka. Nikaona kwamba anangoja, na kwamba jibu likikosekana atajijibu mwenyewe vibaya. Basi likatoka lote, halikujipanga. Nikasema hapana, Tantine Bibiche, si haya, ni Damien, ni Kifaransa, ni sufuria ndogo. Akauliza sufuria gani. Nikamweleza sufuria. Nikamweleza mwezi wa kumi, na ukuta atakaoutazama. Nikamweleza mtu wa Kalundu na mlango, na kwamba mimi ndiye nilimfungia njia.

Shangazi akakunja kile kitambaa cha kupangusia.

Kisha akasema: yule wa Kalundu alikuwa anakoroma hata akiwa macho. Nilikuwa natafuta sababu ya kumukataa, weye ukanipatia sababu muzuri. Na hiyo sufuria ndogo, nani alikuambia naiogopa? Halafu akajifunga upya kitenge ambacho kilikuwa kimefungwa vizuri, amenipa mgongo, kwa muda mrefu.

Akageuka: leta simu. Soma.

Nikamsomea maumbo yote matano, nikiyageuza kwa Kiswahili. Kwenye “kilo kadhaa za ziada” akanisimamisha. Ya ziada kwa nani? Nani anazidai? Akasema andika “wa kawaida”. Nikakohoa kidogo. Akasema: toka nje uangalie soko yote, uniambie nani iko kawaida kunishinda.

Nikaandika “wa kawaida”.

Halafu akasema, andika kwa Baba Marcellin, usiongeze hata nukta yako. Aliandikisha hivi: “Minye ni Bibiche mwenyewe. Niko munene na niko muzima. Muchele tulikula, kuku pia, aksanti. Pole kwa Mama Élisabeth. Hukuwa mujinga kuombea. Mutu wa kuombea hakosekani. Mutoto ananipenda lakini hajui kuandika. Termosi yako nimeiosha.”

Hajui kuandika! Nimeimeza hiyo.

Alhamisi, 1 Juni

Marcellin kimya. Jumatatu kimya. Jana kimya. Shangazi haulizi chochote kuhusu Marcellin. Anauliza tu kama mtandao uko. Anauliza kila akipita.

Nimeona hakuna njia nyingine: nitampigia. Kwa sauti. Mimi! Niliandika maneno yangu kwenye kiganja, nikaenda nyuma ya ukuta wa shule, nikapiga.

Alipokea. Nyuma yake mashine ya mpunga ilikuwa inanguruma, hanisikii. Nikasema, ni Emery. Nani? Emery! Nani? Nikavuta pumzi, nikafunga macho, nikapaza sauti ambayo sikujua ninayo: “MIMI NDIYE NILIKUWA MWANAMKE WAKO!”

Mashine ilikuwa imezimwa.

Huko Katogota mtu mmoja akaangusha ungo. Na kwetu, juu ya ukuta, vichwa vya kidato cha kwanza vikachomoza, na cha Damien kati yao.

Nilikuwa tayari kufa. Halafu nikasikia sauti ndogo, kama mtu anakohoa, na ikachukua muda kuelewa kwamba Marcellin anacheka, ingawa si kucheka peke yake. Akasema, mutoto, uniambie kitu moja. Ile ya ukoko. Ile ya kuimba na mudomo imefungwa. Ile ya chupa ya watoto. Hiyo pia ulitunga?

Nikasema hapana, Baba. Hiyo yote kweli. Nilitunga kilo tu.

Akasema: “Kilo tu.” Akairudia, kama mtu anayeonja chumvi. Kisha akauliza Jumapili tunatoka misa saa ngapi, kwa sababu hana kitu kingine cha kubebea supu.

Jumapili, 4 Juni

Amekuja kuchukua termosi. Amekaa tangu saa sita mpaka jua linashuka nyuma ya milima. Termosi ameisahau.

Shangazi alikuwa amevaa kile kitenge cha ndege wa kijani ambacho kwa kawaida ni cha harusi za wengine. Alisema ni kwa sababu vingine viko kwenye maji. Kamba ya nguo ilikuwa tupu. Sikusema.

Mwanzoni waliongea habari za bei ya mpunga kama watu wawili wa serikali. Kisha Shangazi akamuuliza Élisabeth alikuwa anapenda nini, na Marcellin akasimulia, na Shangazi akasikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, yeye ambaye anawakatiza hata watu wa redio. Kisha sufuria ikafika chini. Shangazi akashika mwiko akwangue ukoko, akasema ndiyo sehemu anayoipenda. Marcellin akamnyang’anya mwiko. Akasema, Mama, leo utakula ile nyeupe. Wakagombana juu ya ukoko! Kwa nguvu! Hakuna aliyeshinda, wakagawana, unavunjika kama biskuti, na wote wawili wakacheka wakiwa na mdomo umejaa.

Mimi nilikula mweupe. Sikuhisi ladha yake vizuri, kwa sababu ya pua na macho.

Mama Nkeshimana alipita mara nne kuazima kiberiti. Mara ya nne akaniambia mlangoni kwamba mwanaume anafika begani mwa Shangazi, haswa begani, hata kichwa akikiegemeza hatajisumbua.

Kuondoka, Marcellin akasema mambo ya watu wazima yanapitia kwa watu wazima. Nani mukubwa wa familia? Shangazi akasema: ni kaka yangu, Tambwe, iko Kalemie. Na uso wake ukabadilika kidogo. Wangu pia.

Jumanne, 6 Juni

Baba amepiga simu. Shangazi alimweleza. Baba akaomba aniongeleshe mimi, eti mwanaume atampima mwanaume.

Mtu anayemjua Baba anajua shida iko wapi. Baba anapima wachumba kwa urefu wa mlango. Dada yake mkubwa alipochumbiwa na mtu mfupi, Baba alimwambia mtu huyo asimame kwanza, akajibiwa kwamba ameshasimama. Uchumba ukafa palepale. Sasa akaniuliza: huyo Marcellin wa mpunga, iko namna gani? Iko mutu murefu? Mtandao ukakatika, Mungu mkubwa. Akatuma ujumbe: niandikie vizuri namna iko, kila kitu, nitakuja Agosti kumuona.

Shangazi tangu jioni anafua vitu ambavyo ni safi. Ameimba mdomo umefungwa tangu Jumapili, leo haimbi. Akikatazwa na kaka yake, hatamvuka. Namjua. Atarudisha kitenge kikiwa kimekunjwa.

Kwa hiyo nimekaa naandika. Nimemaliza mistari ya kwanza: “Baba mpendwa, Marcellin ni mwanaume wa kimo kizuri. Mabega mapana. Akiingia mlangoni, anainama.” (Anainama kweli, ili afute viatu.) Nimeweka mita moja na themanini na mbili.

Najua, najua. Lakini hii si kama ile. Ile ilikuwa kwa Kifaransa. Na safari hii hakuna Damien, nimefikiri mwenyewe. Kutoka sasa mpaka Agosti ni majuma mengi. Kila ujumbe nitampunguza sentimita mbili tu, pole pole, Baba azoee. Mpaka meli yake ifike, Marcellin atakuwa ameshuka kwenye urefu wake mwenyewe, hakuna atakayeshtuka.

Haiwezi kukosea.

Nasikia kandambili uani. Ni za Shangazi, hakuna mwingine anayekanyaga hivyo. Zimefika kwenye ngazi. Kwa kawaida hapa ndipo daftari linapoingia chini ya godoro na mimi naanza kusoma kemia.

Leo siinuki. Naliacha wazi, hata taa nalisogezea. Na asome. Mimi nimemuona Marcellin zaidi akiwa amekaa, yeye amesimama naye mlangoni. Ataniambia kama sentimita mbili kwa ujumbe zinatosha, ao tumshushe tatu.